Bampa la gari la kukodi likikwaruzwa, usimpigie fundi rangi kwanza

Mimi ni fundi rangi. Gereji tunayofanyia kazi iko Ngamiani, huku kwenye barabara za namba, na sehemu kubwa ya riziki yangu inatoka kwenye mabampa. Kuna yaliyochanwa na usukani wa bodaboda, yaliyosugua nguzo ya geti, yaliyoegemewa na baiskeli yenye tenga la samaki, na baiskeli Tanga hii hazihesabiki. Kwa hiyo ushauri huu unaweza kukushangaza ukitoka kwa mtu wa kazi yangu. Kama gari si lako, umelikodi kwa mkataba, na kilichotokea ni mkwaruzo au mbonyeo mdogo wa bampa, fundi rangi awe mtu wa mwisho kumpigia simu. Mara nyingine usimpigie kabisa.

Nimekaa pande zote mbili za jambo hili. Wanaokodi huniletea magari niwafichie aibu, na wenye magari huniita niwatazamie magari yanaporudishwa. Nikiwa upande wa pili huo, mkwaruzo wa wazi aliouripoti mtu mapema haunisumbui, tunaandika na kuendelea. Kinachomtia mtu gharama ni bampa lililopakwa rangi kichochoroni usiku wa kuamkia siku ya kurudisha gari.

Tazama karatasi kabla ya kutazama bampa

Magari ya kukodi si ya namna moja. Yapo ambayo dereva anapeleka hesabu kwa bosi kila wiki au kila mwezi, na akimaliza kiasi walichokubaliana gari linakuwa lake. Madereva teksi wengi wa hapa wako humo. Yapo mengine ambayo shirika, mradi au mtu binafsi anayachukua kwa mwaka au miaka kadhaa kisha anayarudisha kama alivyoyakuta. Tangu kazi za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kuja Chongoleani zianze, haya ya kurudishwa tunayaona zaidi gerejini.

Tofauti yake ni kubwa. Kama mwisho wa hesabu gari litakuwa lako, bampa hilo ni lako mtarajiwa, na swali ni lini tu utapenda kulitengeneza. Bosi bado umwambie, kwa sababu kadi ina jina lake na bima pia, lakini hakuna atakayekuja na karatasi kulikagua siku ya mwisho. Kama gari linarudi kwa mwenyewe, basi yuko mtu atakayeinama mbele ya bampa hilo siku moja, na kazi yako yote ni kujua mtu huyo atatumia kipimo gani.

Fungua mkataba utafute wanaposema kuhusu uchakavu wa kawaida, gereji zinazoruhusiwa, muda wa kutoa taarifa ya ajali, na nani anabeba ekses ya bima, yaani kile kiasi ambacho kampuni ya bima haikulipi. Mikataba mingi niliyoonyeshwa hapa inaandika “uchakavu wa kawaida” na kuishia hapo, bila kusema kawaida ni ipi. Uingereza wenzetu wamelimaliza hilo kwa rula. Chama chao cha kampuni za kukodisha magari, BVRLA, kina mwongozo unaovumilia mkwaruzo wa hadi milimita 25 ilimradi praima, ile rangi ya chini ya kushikizia, au chuma havionekani, na mbonyeo wa hadi milimita 15 ilimradi rangi haijapasuka. Mwongozo huo hauna nguvu yoyote Tanga. Ila unaweza kumuuliza mwenye gari kwa maandishi: kwako wewe, mkwaruzo wa ukubwa gani ni kawaida, na wa ukubwa gani utanidai? Akijibu kwa WhatsApp umeshapata kipimo. Swali hili ni tamu zaidi likiulizwa siku ya kuchukua gari, kabla hamjawa na la kubishania.

Nenda pia kwenye picha za siku uliyokabidhiwa gari. Kama hukupiga, tafuta fomu ya makabidhiano. Mkwaruzo unaoupigia kelele leo unaweza kuwa ulikuwemo tangu mwanzo, umeandikwa kwenye fomu uliyoisaini bila kuisoma.

Osha, kisha pitisha ukucha

Watu wengi hutazama bampa likiwa na vumbi la barabara ya Pangani na kuamua limeharibika. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, likauke, ulitazame kivulini na kisha juani. Sehemu ya unachokiona si jeraha la gari lako. Ni rangi ya ukuta au mpira wa tairi uliobaki juu. Dondoshea mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini cha pamba, sugua taratibu, kisha osha tena kwa sabuni. Vingi hutoka. Thina usiiguse, inaila rangi nzuri pamoja na ile ya ukuta.

Kinachobaki kipitishie ukucha kwa kukikatisha. Ukucha ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo umeishia kwenye kliari, lile tabaka la juu lisilo na rangi, na kampaundi ya kung'arishia inaweza kuupoteza. Ukucha ukikwama na chini unaona rangi ileile ya gari, umezama ila haujamaliza tabaka. Ukiona kijivu au weupe usiofanana na rangi ya gari, hiyo ni praima. Ukiona weusi wenye unyuzinyuzi, umefika kwenye plastiki yenyewe.

Na hapo kwenye plastiki ndipo watu hupata hofu wasiyostahili. Bampa la nje la magari karibu yote ya siku hizi ni plastiki, aghalabu ile iitwayo PP. Plastiki haishiki kutu. Mkwaruzo uliofika kwenye chuma cha mlango au cha bawa la tairi, kwa hewa hii yetu ya chumvi, hasa kwa gari linalolala Raskazone au Sahare, usiuache, utaanza kutoa kutu ukiutazama. Wa bampa unaweza kukaa mwaka mzima na usiongezeke hata chembe. Maana yake una muda wa kuuliza, kulinganisha bei na kusubiri jibu la mwenye gari. Anayekuhimiza utengeneze leo leo anahitaji hela ya leo.

Kuna hali moja tu ya mkwaruzo wa bampa inayokua, nayo ni pale rangi inapokuwa imeinuka kingo na kuanza kuambuka. Mashine ya kuoshea gari ikipigwa hapo kwa karibu, kipande cha ukubwa wa kiganja kinaondoka kwa mpigo mmoja. Mwambie kijana wa kuosha apite mbali. Wewe bandika utepe wa karatasi ule wa mafundi rangi hadi uamuzi upatikane, na usiusahau juani wiki nzima maana gundi yake itaganda.

Kinachoonekana nje kinaweza kuwa ndicho kidogo

Plastiki ina tabia ya kurudi. Ikigongwa polepole inabonyea, kisha inajinyoosha na kukaa kama hakijatokea kitu. Nyuma yake kuna sifongo ngumu ya kupokea kishindo, nyuma ya sifongo kuna boriti ya chuma, na pembeni kuna klipu na mikono midogo ya plastiki inayolishika bampa. Hivyo vyote havirudi. Mtu ananiletea gari lenye mstari mdogo wa rangi, nikifungua nakuta sifongo imepasuka vipande viwili na mkono wa taa umekatika.

Kwa hiyo piga magoti. Linganisha upenyo kati ya bampa na bawa upande wa kulia na wa kushoto, upenyo huo uwe sawasawa juu mpaka chini. Sukuma bampa kwa kiganja kwenye kona: likicheza upande mmoja kuliko mwingine, klipu zimekufa. Fungua na kufunga buti. Shika taa uitikise kidogo. Mbele, chungulia kama rejeta haijaguswa na chini hakudondoki maji. Kama gari lina sensa za kuegesha, tia gia ya nyuma, mtu atembee nyuma yake polepole, sensa zote zilie moja baada ya nyingine. Kwenye magari mapya zaidi kuna rada ndogo zilizojificha ndani ya kona za bampa la nyuma, zile zinazowasha taa kwenye kioo cha pembeni gari jingine likija. Ikiwa taa ya onyo imewaka kwenye dashibodi baada ya kugongwa, hilo si jambo la rangi tena.

Ukikuta chochote kati ya hivi, achana na mwongozo huu wa mambo madogo. Toa taarifa na gari liende gereji ambayo mwenye gari ameikubali.

Toa taarifa hata kama hutatengeneza

Hili ndilo watu wanalolikwepa, nami nalitilia mkazo kuliko yote. Wanaogopa kwamba wakisema watadaiwa papo hapo. Wenye magari ninaowafahamu wana mambo mengi ya kushughulika nayo kuliko mkwaruzo wa bampa. Wakiambiwa mapema na picha zikiwepo, wengi husema endelea tu, tutaangalia gari likirudi. Akikuta mwenyewe jambo ambalo hukumwambia, anaanza kutafuta mengine uliyoficha.

Piga picha mchana. Moja ukiwa umesimama hatua kadhaa nyuma ili namba ya gari ionekane, moja ya upande mzima, na mbili tatu za karibu ukiwa umeweka sarafu ya mia tano pembeni ya mkwaruzo ili ukubwa ujulikane. Piga kwa pembeni kidogo, siyo uso kwa uso, maana mwanga wa moja kwa moja huuficha mbonyeo. Kisha andika ujumbe wa namna hii:

“Habari za asubuhi. Jana jioni gari likiwa limeegeshwa karibu na soko la Mgandini limekwaruzwa bampa la nyuma upande wa kulia. Mkwaruzo una urefu wa sentimita nane, rangi imetoka, bampa halijapasuka wala kulegea, sensa zote zinalia. Picha nimeambatisha. Sijalipeleka kwa fundi. Naomba maelekezo: litengenezwe sasa au tusubiri hadi nitakaporudisha gari? Kama ni sasa, gereji ipi, na malipo yanakuwaje?”

Hapo hakuna kujitetea wala kusimulia kisa. Umetaja mahali, kipimo, hali na ombi. Kama jibu litakuja kwa simu, mwandikie tena baada ya kuongea: “Kama tulivyozungumza, umesema tusubiri.” Jibu lake, hata likiwa alama ya dole, lihifadhi.

Sasa, aliyekugonga akiwa amesimama mbele yako. Kwetu watu hupenda kumalizana. Kijana wa bodaboda anashuka, anaomba msamaha, “Mzee wangu nisamehe, hii hapa elfu ishirini, nina familia,” watu wanakuzunguka, wanakwambia mwachie bwana, si mkwaruzo tu. Gari lingekuwa lako ungeweza kumwachia kwa moyo safi. Hili si lako. Ukipokea elfu ishirini yake umepatana kwa niaba ya mtu ambaye hakukutuma, na kesho mwenye gari akitaka kudai bima ataulizwa kwa nini mlishamalizana barabarani. Ongea na kijana kwa adabu, chukua jina, namba ya simu na namba ya pikipiki, piga picha, mpigie mwenye gari palepale, na umpe simu waongee wenyewe kama wanataka kupatana. Bima za vyombo vya moto siku hizi zinahakikiwa kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa hiyo unaweza kujua kama pikipiki ile ina bima hai kabla hujaondoka.

Polisi waitwe lini? Kama kuna aliyeumia, hata kidogo, hakuna mjadala. Kama kuna chombo kingine kilichoharibika na hamkubaliani, waite. Kama mwenye gari anasema atadai bima kubwa, ripoti ya polisi itatakiwa, na ni rahisi kuipata leo kuliko kuitafuta baada ya wiki mbili. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyehusika kwenye ajali asimame na ajitambulishe. Ukigusa gari la mtu lililoegeshwa ukaondoka kwa kuwa ni bampa tu, umejitafutia kosa kubwa kuliko mkwaruzo wenyewe.

Hesabu

Nitatumia tarakimu za mfano tu, wewe weka za kwako. Tuseme fundi anataka laki mbili kupaka bampa zima, na ekses kwenye bima ni laki tatu. Kudai bima hapo ni kazi bure: hutalipwa kitu, halafu historia ya mwenye gari inaingia dai, na punguzo analopewa kwa kutodai linaweza kuondoka. Bima inaanza kuwa na maana pale ambapo boriti, taa au rada vimeingia kwenye hesabu na bei imeipita ekses kwa mbali. Wengine husikia bima kubwa wakadhani kila mkwaruzo una mlipaji.

Kisha tazama muda uliobaki. Kama mkataba una mwaka mzima mbele na gari linaegeshwa kila siku mjini, ukipaka leo utapaka tena. Bampa ndilo linalopokea kila kitu. Ikiwa mwenye gari ameridhia, subiri, kusanya mikwaruzo yote, upake mara moja karibu na siku ya kurudisha, ukiacha wiki mbili tatu katikati ili kazi isipoeleweka kuwe na nafasi ya kurudia. Kama umebakiza mwezi mmoja, muulize: ukilitengeneza wewe utanikata kiasi gani, na nikilitengeneza mimi utakubali gereji ipi? Mara kadhaa nimeona makato ya mwenye gari yakiwa chini ya bei ya fundi, kwa sababu naye anajua atalipaka kabla ya kuliuza na ana fundi wake wa bei ya jumla. Hapo mlipe makato, uchukue risiti, uondoke. Nimempa ushauri huo dada mmoja anayefanya kazi Bombo, aliyekuja na RAV4 ya kukodi. Akaniuliza, “Sasa kaka, wewe utakula nini?” Nikamwambia nitakula kwa gari lake mwenyewe akishanunua.

Jambo jingine linalobadilisha hesabu ni rangi ya gari, na hili mteja huwa halijui. Tafuta kibandiko cha rangi, kwenye Toyota kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, uone namba. Ikiwa ni 040, ule mweupe wa kawaida, kazi ni nyepesi, rangi moja isiyo na chembechembe. Ikiwa ni 070, mweupe wa lulu, zinapigwa tabaka tatu: weupe wa chini, lulu, kisha kliari, na lulu ikizidi hata kwa mpako mmoja tu bampa linakuwa la njano njano likisimama pembeni ya bawa. Rangi ya fedha kama 1F7 nayo ina unga wa chuma ndani, na unga huo hulala kwa namna tofauti kutegemea upepo wa komprea na umbali wa bunduki ya kupulizia rangi. Kwenye rangi hizi mbili, mkwaruzo mdogo uliouacha una nafuu kuliko bampa zima lililotoka rangi tofauti. Aliyekwambia “naiona kwa macho, nitaichanganya” juu ya 070, mshukuru na uwashe gari.

Unayoweza kufanya mwenyewe

Kama mwenye gari ameruhusu na rangi haijapasuka, kuna mambo mawili.

Mkwaruzo usiokwamisha ukucha, tumia kampaundi laini kwa mkono, kitambaa safi, mizunguko midogo, kivulini, bampa likiwa la baridi. Simama kila mara utazame. Kliari ya kiwandani ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, na ukiimaliza kwa kusugua hairudi. Mashine ya kuzungusha waachie waliozoea, kwenye kona za bampa inachoma rangi kabla hujashtuka.

Mbonyeo usio na mkunjo mkali unatoka kwa maji ya moto. Chemsha maji, mwagia taratibu juu ya sehemu iliyobonyea na kuzunguka kwake, kisha ingiza mkono kwa nyuma, ukiwa umevaa glavu, usukume kuanzia ukingoni kuja katikati. Ikishatoka mwagia maji ya baridi ikae. Fanya saa saba mchana, plastiki ikiwa tayari imepata joto la jua. Usimwagie taa wala sensa. Na kama kuna mkunjo uliosimama kama mstari, acha, ukilazimisha rangi itapasuka hapo na jambo la bure limekuwa la laki.

Ufa usiushone kwa waya. Supaglu nayo usitie, PP inaikataa na itaachia ukipita tuta la kwanza, na fundi atakayekuja baadaye ataanza kwa kukwangua gundi yako.

Ukiamua kutengeneza kweli

Njoo basi, au nenda kwa mwingine, lakini msikilize anachosema kabla ya kumpa kazi. Nikikuambia nitalipaka bampa likiwa limefungwa kwenye gari, nifukuze. Bampa linafunguliwa, linaoshwa mbele na nyuma, na kwa ndani linasomwa aina ya plastiki iliyoandikwa humo. PP haishiki rangi bila praima yake maalumu ya plastiki. Ukiruka hatua hiyo rangi inapendeza mwezi mmoja kisha inaambuka kama karatasi. Ufa unachomelewa kwa fito za plastiki ya aina ileile. Puti ya kujazia, ile ngumu ya chuma, haifai, bampa likijipinda yenyewe inapasuka. Kuna puti ya plastiki, na hata hiyo iwe nyembamba. Kwenye kona zenye rada isipakwe puti kabisa, na juu ya sensa rangi isirundikane, kwa kuwa tabaka nene huzifanya zisisikie sawasawa.

Muulize pia anapaka rangi wapi na siku gani. Masika, hewa ikiwa nzito, kliari hupiga ukungu mweupe, na kusi ikivuma kwenye gereji isiyo na banda unapata mchanga bure ndani ya rangi. Fundi anayekwambia “leo hapana, njoo kesho asubuhi” amekufanyia hisani.

Watu wanaotaka kuficha hujifariji kwamba kile kipimo cha unene wa rangi kinachowekwa kwenye chuma hakisomi kwenye plastiki. Ni kweli hakisomi. Sisi hatukihitaji. Natazama uso wa rangi: ukiwa na vijishimo kama ganda la chungwa la Muheza wakati mabawa ni laini, limepakwa. Natazama nyuma ya bampa kama kuna vumbi la rangi kwenye klipu na kwenye bomba la moshi. Napitisha kidole kwenye ukingo wa taa nitafute mstari wa utepe. Kuna Hilux moja ya kukodi niliikagua, mkwaruzo wake wa awali pengine ungepita, lakini ulikuwa umezibwa kwa silikoni na kupakwa mweupe usio wake. Mwenye gari alidai bampa zima, kwa sababu rangi haishiki juu ya silikoni na kuisafisha ilikuwa kazi kubwa kuliko kununua jingine.

Ukielekezwa kubadilisha bampa, la mtumba lililotoka na gari la namba ileile ya rangi ni bora kuliko jipya la bei rahisi ambalo matundu yake hayakutani na klipu. Lile la zamani usimwachie fundi wala muuza chuma chakavu. Ni mali ya mwenye gari mpaka aseme tupa. Dai risiti ya EFD yenye namba ya gari na kazi iliyofanyika, na picha za bampa likiwa limefunguliwa, ili ajue nyuma kulikuwa kuzima.

Siku ya kurudisha

Peleka gari mapema mchana, limeoshwa na limekauka. Gari lililolowa linaficha mikwaruzo, na mkaguzi mwenye akili ataahirisha au ataandika “halikukaguliwa vizuri”, maneno ambayo baadaye hulipiwa na wewe. Kuwa na simu yenye picha za siku ya kwanza, ule ujumbe wa taarifa na jibu lake. Zungukeni pamoja. Kwenye bampa muonyeshe wewe kabla hajauliza. Fomu iandike kilichopo kwa kipimo, “mkwaruzo sentimita nane, uliripotiwa tarehe fulani”, na makato yake kama yapo, siyo neno tupu la “uharibifu”. Msaini wote wawili, upige picha fomu hiyo, ndipo utoe funguo. Akikwambia suala la bampa atakupigia baadaye, mwambie kwa upole kwamba bampa liko hapa na ninyi wawili mko hapa, mlimalize.